Nilikuwa namba moja kwenye ubao wa chess shambani Korogwe, na nilijua sistahili

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu shikamooni, wengine hamjambo.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Akaunti alinifungulia mjukuu, na mpaka leo sijui kuibadilisha ile picha ya ua aliyoniwekea.

Juzi nimepita kwenye uzi wa vijana wanaobishana kuhusu chess. Wengine wanasema mwenye kete nyeupe ana faida kwa kuwa ndiye anayeanza. Wengine wanasema hicho ni kisingizio cha walioshindwa. Mmoja akamaliza ubishi hivi: "Rating haidanganyi. Namba ni namba."

Hiyo sentensi imeninyima raha siku tatu. Nimeshapita miaka sabini na tano, kwa hiyo siku tatu si chache.

Nitakayoandika yamenitokea mimi. Sehemu kubwa sikuwahi kumwambia hata marehemu mke wangu. Majina ya watu nimebadilisha, jina la shamba sikulitaja, maana wenyewe wana watoto na wajukuu. Mengine yote ni kama yalivyokuwa, na mtaona wenyewe kuwa sijajipamba.

Mimi ni Mzigua wa Handeni. Nilimaliza shule nikapata kazi ya ukarani mdogo kwenye shamba moja la mkonge upande wa Korogwe, ukiwa unaelekea Hale. Kazi yangu ilikuwa mahudhurio. Nani kaingia shambani, nani anaumwa, nani hajaonekana.

Ilikuwa miaka michache baada ya Azimio. Shamba lilishachukuliwa na serikali, meneja Mzungu alishafunga virago. Aliacha nyumba, mbwa wawili, na kwenye klabu ya ofisini akaacha seti moja ya chess ya mbao.

Wazee waliomkuta walisema alikuwa akicheza na makarani kila Jumamosi. Na kila Jumamosi yeye alichukua kete nyeupe. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Nani amuulize?

Kwa asiyeujua mchezo: mwenye nyeupe ndiye anayeanza. Anayeanza anakuwa mbele hatua moja, na mwenzake anaanza kwa kujibu. Faida yenyewe ni ndogo. Kwa siku moja huwezi hata kuiona.

Basi, meneja alipoondoka sisi tukaikalia klabu yake. Tukashusha picha zake, tukapandisha zetu. Tukaitana ndugu. Lakini kwenye ubao wa chess tukauendeleza utaratibu ule ule, ila tukaupa jina la kwetu: mkubwa huanza.

Na kwetu kweli mkubwa huanza. Kunawa mikono huanza mkubwa. Kusema kwenye kikao huanza mkubwa. Kwa hiyo mkiketi wawili kucheza, mkubwa kwa umri au kwa cheo alichukua nyeupe bila kuulizana. Ukiwa mdogo ukashika nyeupe, watu wangekuuliza umelelewa wapi.

Tuliona ni adabu. Na adabu ilikuwa kweli, ndiyo maana hakuna aliyeichunguza.

Sasa mimi na ujuaji wangu wa ukarani nikaleta jambo jipya. Kwenye makaratasi aliyoacha meneja nilikuta gazeti la chess la Kizungu linaloeleza jinsi wenzetu wanavyowapanga wachezaji kwa namba. Sikulielewa lote. Nililoelewa nikalipunguza likatutosha.

Kila mtu alianza na alama mia moja. Ukimshinda aliye chini yako, unamchukulia alama mbili. Ukimshinda aliye juu yako, unamchukulia tano. Mkitoka sare, wa chini anachukua alama moja ya wa juu. Nikapigilia misumari kwenye ubao wa ukutani, nikaning'iniza majina kwa vipande vya bati, na kila Jumamosi nikawa napandisha na kushusha.

Watu waliupenda ule ubao kuliko mchezo wenyewe. Mtu mzima na ndevu zake alikuwa anapita klabu asubuhi kuangalia tu kama jina lake bado liko pale alipoliacha.

Mimi nilikuwa juu kabisa, na namba moja alihesabiwa mkubwa wa klabu, kwa hiyo hata wazee waliniachia nyeupe. Sikuwa mchezaji mbaya. Hilo nalisema kwa haki yangu.

Sasa niwaambie habari za Gervas.

Baba yake alikuja kama manamba, kibarua wa mkataba, kutoka Kigoma, akafia kambini. Gervas alizaliwa pale pale kambini, akakua na watoto wa Kizigua, akawa anaongea Kizigua kunishinda mimi niliyezaliwa nacho. Kazi yake ilikuwa kukata mkonge. Kwa umri nilimzidi miaka miwili.

Alikuwa na jicho moja. La kushoto lilichomwa na mwiba wa ncha ya jani la mkonge. Waliokaa mashambani wanajua, ule mwiba ukiinama vibaya kukata unakungoja usawa wa uso. Mganga wa zahanati alimwambia waziwazi: hilo lililobaki, toka nalo shambani. Gervas akaomba kazi nyingine mara mbili. Akaambiwa asubiri nafasi.

Chess alijifunza kwa bahati. Alipata kidonda cha mguu, akapewa kazi nyepesi ya kufagia klabu kwa miezi miwili. Akawa anatazama watu wakicheza, amesimama na fagio lake. Siku moja Mzee Semboja, karani mkuu na mwenyekiti wa klabu, alimkosa mwenzake. Akamwita, "Wewe Gervas, hebu kaa hapo unipotezee muda."

Akakaa. Siku ile alifungwa. Ya pili akafungwa. Ya tatu Mzee Semboja aliinuka mezani bila kumaliza chai.

Enzi zile hakuna ambaye angethubutu kusema mkata mkonge asicheze na makarani. Tulimwambia karibu, ndugu. Ila alikuwa mdogo kwetu kwa umri na wa chini kwa kazi, kwa hiyo kila alipokaa alikuta kete nyeusi zimeshageuziwa upande wake.

Na bado akapanda. Msumari kwa msumari, mpaka akafika wa pili. Tulipishana alama tatu.

Hapo ndipo ikaja barua kutoka makao makuu. Kutakuwa na mashindano ya wafanyakazi Dar es Salaam, kila shamba litoe mchezaji mmoja wa chess. Afisa utumishi aliyeileta akatuambia na jingine: mfanyakazi wa shambani atakayekwenda na kuonekana ana akili ya hesabu atafikiriwa mafunzo ya utunzaji stoo.

Kwangu mimi hilo halikuwa na maana, nilishakuwa ofisini. Kwa Gervas lilikuwa ni jicho lake. Alilijua yeye, nililijua mimi, na klabu nzima ililijua.

Kikao cha kumteua mtu kilipangwa Jumatatu. Jumapili mchana, baada ya chakula, nikachukua daftari nihakikishe alama zisije zikaleta maneno. Sikuwa natafuta kitu.

Kwenye lile daftari kila mchezo niliuandika mstari mmoja, jina la aliyeanza kushoto, la mwenzake kulia. Ndipo nikaona jina la Gervas liko kulia. Nikafungua ukurasa mwingine, kulia. Mwingine, kulia.

Mara chache mno lilikuwa kushoto, alipocheza na fundi mmoja wa korona, mtambo wa kuchakata mkonge, ambaye hakujali mambo ya ukubwa. Zote hizo alishinda.

Na kati yangu na yeye, michezo yote, mimi kushoto yeye kulia. Hakuna hata mmoja tuliogeuza.

Nikaanza kuhesabu daftari zima. Wa kushoto walikuwa wanashinda zaidi ya wa kulia, hata kwa watu ambao tulijua wanalingana. Haba na haba hujaza kibaba, wakuu. Ile faida ndogo ya siku moja, kwa miaka ya Jumamosi, ilishajaza ubao mzima wa misumari.

Nikachukua penseli nikapiga alama upya, nikiwaongezea wa kulia kidogo kwa kuwa walijibu badala ya kuanza. Nikapiga kwa njia moja, nikapiga kwa nyingine. Kila nilivyopiga, Gervas alikuwa juu yangu.

Nikafuta kwa kifutio. Nikapuliza ule unga, nikafunga daftari.

Mtaniuliza kwa nini. Nilikuwa nimechumbia Korogwe mjini, mtaa wa Manundu, na baba wa binti alishatangaza kwa majirani kuwa mkwewe ni namba moja na anakwenda Dar. Nilitaka kwenda. Sina sababu nzuri kuliko hiyo, na nimekuwa na zaidi ya miaka hamsini ya kuitafuta.

Jumatatu tukakaa. Mzee Semboja akasoma majina kutoka ubaoni, la kwanza langu. Akauliza kama kuna neno.

Gervas akanyoosha mkono. "Ndugu Mwenyekiti, mimi sina ugomvi na ubao. Naomba mchezo mmoja tu na ndugu karani. Nianze mimi."

Mmoja akacheka. Wengine wakatazama chini kwa aibu, kama mtu kaomba kukaa kwenye kiti cha mkwewe.

Mzee Semboja hakuwa mtu mbaya. Akasema kwa upole, "Mchezo utaupata, mwanangu. Lakini mkubwa huanza, hilo hukulikuta leo." Kisha akanigeukia mimi. "Karani, wewe ndiye mwenye daftari. Kuna lolote humo la kutufanya tubadili utaratibu?"

Aliuliza kwa haki kabisa, na ningesema angenisikiliza.

Nikasema, "Hapana, mzee. Daftari liko sawa."

Gervas akanitazama. Kwa sababu ya lile jicho, alikuwa akigeuza kichwa kizima kumtazama mtu, kwa hiyo ukitazamwa na Gervas ulijua umetazamwa. Kisha akasogeza kiti akakaa upande wa kete nyeusi.

Tulicheza mchana kutwa. Nilimshambulia kwa kila nilichojua, na kila nilipofika nilimkuta ameshaziba. Mwisho tukabaki na wafalme wawili na vitunda vichache, zile kete ndogo za mbele, vimekwamana. Sare. Kwa sare alichukua alama yangu moja, tukabaki tumepishana moja.

Moja ilitosha. Nikaenda Dar.

Huko mwandaaji alificha kitunda cheupe mkono huu na cheusi mkono ule, akatunyooshea ngumi mbili. "Chagua."

Sikuelewa. Nikamuuliza mpinzani wangu, "Kwani hapa nani mkubwa?" Akacheka sana, akidhani namtania.

Nikachagua, nikapata nyeusi. Wakuu, nilikaa mbele ya ule ubao kama mtu aliyeingizwa nyumba ya watu gizani. Sikuwahi kuwa upande ule tangu niwe mkubwa wa klabu. Nilijua kuanza, sikujua kujibu. Nilifungwa kabla chai haijapita.

Mchezo wa pili wakanipa nyeupe, nikapumua, nikashinda. Wa tatu nyeusi tena, nikafungwa. Kwao ndivyo ilivyokuwa, kila mtu kwa zamu, na mtu wa zamu ya nyeusi hakuonekana amevunjiwa heshima. Siku ya pili nilikuwa nimeshatolewa, nazunguka Kariakoo natafuta kitenge cha mchumba.

Niliporudi niliwaambia kuwa Dar wanabadilishana rangi. Mzee Semboja akafikiri, akasema kama Dar ndivyo wanavyofanya, basi na sisi tubadilishane. Jambo ambalo mwenzetu wa kambini aliliomba kwa mchezo mmoja akanyimwa, likakubaliwa mara moja kwa kuwa limetoka Dar.

Nikapiga upya alama za daftari zima. Nikawaambia ni hesabu mpya ya huko. Jina la Gervas nikalipandisha mwenyewe, nikalitundika msumari wa juu kabisa.

Yeye alishaacha kuja. Nilimtumia salamu mara mbili. Akajibu kuwa jioni anakuwa amechoka.

Mwaka uliofuata mwiba ukampata jicho la kulia.

Habari niliipata kwa kazi yangu. Nyapara aliniletea majina ya asubuhi, nami kwa mkono wangu nikaandika: Gervas, mgonjwa. Kesho yake nikaandika mgonjwa. Wiki ya kwanza mgonjwa, ya pili mgonjwa. Kisha nikaambiwa nilikate jina, nikalikata.

Mke wake alikuwa Mzigua. Akamchukua wakahamia kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Handeni, kwa ndugu zake.

Mimi nilioa, nikapandishwa cheo, nikapata watoto. Miaka ikapita. Siku moja nikiwa likizo nyumbani Handeni nikasikia anakaa kijiji ambacho kwa mguu ni mwendo wa asubuhi moja. Nikaenda.

Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Mkewe akanipa kigoda, akaingia ndani. Nikasalimia, na kabla sijajitambulisha akasema, "Karani."

Tukaulizana hali za watu. Mvua, watoto, nani kafa, nani kahama shamba. Kisha nikaanza nililoliendea, na hata hapo, wakuu, nikaanza kwa uongo. Nilimwambia kuwa nilipokwenda Dar ndipo nilipokuja kujua kuwa anayeanza ana faida. Kwamba tungejua mapema mambo yangekuwa mengine.

Akaendelea kupukuchua hindi lake mpaka likaisha.

"Karani," akasema, "siku ile Mwenyekiti alipokuuliza, ulichelewa kujibu. Mtu asiyejua hachelewi."

Nikamfukuza kuku aliyekuwa anadonoa punje miguuni petu.

Nikamuuliza, kama alijua, mbona hakusema pale pale kikaoni?

"Nilijua tangu mwaka wa kwanza. Kuandika ndiyo shida yangu, kuhesabu najua. Lakini ningesema mimi, yangekuwa malalamiko ya mkata mkonge. Ungesema wewe, ingekuwa hesabu."

Nikalia. Mtu mzima, uani kwa watu, mchana. Nikamwomba msamaha, safari hii kwa ukweli wote, mpaka na kifutio nikamwambia.

Akasema, "Nilishakusamehe zamani. Aliyenitoboa ni mwiba, si wewe. Ila usiniambie tena kuwa hukujua."

Mkewe akaleta ugali na mlenda, tukanawa, tukala. Niliondoka jua likiwa bado kali. Gervas alifariki miaka kadhaa baadaye, nami nilikuwa safarini, sikumzika.

Wapo watakaosema nisijitese, huenda hata angekwenda Dar asingepewa stoo. Huenda. Huenda mwiba ungempata njiani kabla ya hiyo safari. Nimeyazungusha hayo miaka mingi na hayajanisaidia, kwa sababu yote ni ya Mungu, na langu mimi lilikuwa kujibu swali moja nililoulizwa na mzee mmoja siku ya Jumatatu.

Nilichojifunza ni hiki. Ukikuta orodha yoyote inakuweka juu, iwe ya mchezo, ya kazi, ya shule za watoto wako, tafuta kwanza nani alikuwa anaanza. Na ukigundua kuwa ni wewe, sema wakati bado kuna wa kumsaidia. Aliye chini akisema hasikiki. Anakungoja wewe.

Kijana uliyeandika kwamba namba haidanganyi, sina ugomvi na wewe. Daftari langu halikuwa na kosa hata mstari mmoja, unaweza kulikagua. Aliyedanganya ni mimi niliyelishika.

Nimemaliza, wakuu. Mwenye la kunilaumu anilaumu, mwenye kisa cha mashamba yetu yale aandike, na mwenye swali la mchezo aulize. Macho yangu bado yanaona, nitasoma yote.